Muulize Shangazi wa Bustani: Nyanya zimeiva, meza iko wapi?

Barua za toleo hili zimenifika zikinukia majani ya nyanya. Karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: mazao yapo, pa kuyapokelea hapapo. Nimezipanga ili jibu la mmoja limfae na mwenzake. Waliouliza kuhusu mbolea na kupogoa wanivumilie mpaka toleo lijalo.

Shangazi, shikamoo. Nina miche ishirini na mitano ya nyanya nyuma ya nyumba: zile kubwa za kukata vipande, za kupikia, na ndogo za vishada. Safari hii zimezaa mpaka nimeogopa. Nachuma kwa ndoo, naingia jikoni, namwaga kwenye sinki, kisha sielewi nianzie wapi. Zilizopasuka zimechanganyika na nzima, mbichi na zilizolainika, na jikoni hapapikiki tena. Nina baraza fupi la nyuma, upana wake kama hatua tatu, na meza kuukuu. Nipange vipi?
*Mwenye Baraza Fupi*

Marahaba, mwanangu. Baraza la hatua tatu linatosha kabisa. Kabla sijawa mtu wa kujibu barua nilikuwa mchambuzi kwenye banda la kupakia nyanya, na nafasi ya kila mmoja wetu mezani haikuzidi upana wa mikono aliyoinyoosha. Kinachokusumbua ni ndoo na sinki. Ndani ya ndoo, nyanya za chini zinabeba uzito wa zote zilizo juu yake. Ukizimwaga zinagongana, vikonyo vya hizi vinatoboa ngozi za zile, na kazi ya kutambua ipi ni ipi unaianza upya. Mchubuko wa nyanya hauonekani saa ile ile. Hujitokeza baada ya siku mbili tatu, mahali pamelainika, nawe unadhani nyanya imeoza yenyewe.

Basi mpangilio nitakaokupa una shabaha moja: nyanya itue mezani mara moja, iamuliwe inakwenda wapi, na isiguswe tena mpaka ifike huko.

Anza na kivuli. Nyanya iliyochumwa haina tena majani ya kuikinga, na ikiachwa juani inapata joto kuliko hewa iliyoizunguka. Joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi, likopeni, yaani ile rangi inayoipa nyanya wekundu, haitengenezeki vizuri, ndiyo maana nyingine huishia na rangi ya machungwa iliyofifia. Sogeza meza upande ambao jua la mchana haliufikii. Ila kiangalie na kivuli chenyewe. Wengi hutundika turubai la bluu au la kijani, kisha wanashangaa mbona wamechambua ovyo: mwanga unaopenya pale umebeba rangi ya turubai, na nyanya iliyoanza kugeuka inaonekana bado mbichi. Shuka jeupe ni bora. Ukifanya kazi usiku tafuta taa ya mwanga mweupe, kwa sababu ile ya njano huivisha kila kitu machoni.

Halafu mwelekeo. Kama unatumia mkono wa kulia, mazao yaingie kushoto na yatoke kulia. Wa mashoto ageuze. Kushoto weka kibao au kigoda cha kupokelea kreti kutoka bustanini. Katikati ya meza tandika taulo kuukuu au kipande cha blanketi, ukubwa wa trei pana, na hapo pasiwekwe kitu kingine chochote, si kikombe cha chai, si simu. Hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Kulia panga vyombo vya kupokea. Chini, upande wa mguu wa kulia, ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya zilizooza.

Vyombo vya kulia viwe vinne, na usivigawe kwa ukubwa wa nyanya. Bandani tulichambua kwa ukubwa kwa sababu mnunuzi alilipa kwa ukubwa. Wewe nyumbani gawa kwa siku. Chombo cha kwanza ni cha kuliwa leo au kesho: zilizoiva, nzima, zinazobonyea kidogo tu ukizigusa. Cha pili ni cha kupikwa leo: zilizopasuka, zilizochunwa na ndege, zenye sura mbaya lakini ndani safi. Cha tatu, ambacho kiwe kikubwa kuliko vyote, ni cha zinazosubiri kuiva. Cha nne ni bakuli dogo la zile bora unazotaka mbegu yake. Zilizooza hazipati chombo mezani, zinakwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Ukishika nyanya ukajikuta unasita, iweke kwenye ya kupikwa leo uendelee. Kusita ndiko kunakomaliza jioni, si wingi wa nyanya.

Kuhusu vyombo vyenyewe, kina kiwe kifupi. Nyanya kubwa za kukata zilale tabaka moja. Za kupikia, zile ndefu zenye ngozi ngumu, zinastahimili mawili. Zaidi ya hapo unazitesa. Trei za kuokea, vifuniko vya maboksi, kreti fupi zenye matundu, vyote vinafaa mradi hewa ipite. Kikapu cha kusuka kinapendeza kwenye picha, lakini ncha za ukindu na fito huchoma. Kama huwezi kukiacha, kitandike kitambaa ndani.

Zilaze kikonyo chini, kitako juu. Maana yake ni kwamba zile kubwa uzitoe kikonyo chote kabla ya kuzilaza, la sivyo kijiti kile kitaichoma nyanya yenyewe na jirani yake. Zikilala hivyo, pale kilipokuwa kikonyo panafunikwa, na maji hayapotei haraka, kwani nyanya hupumua na kupoteza unyevu zaidi kupitia kovu lile kuliko kupitia ngozi. Zile ndogo za vishada hazidai adabu hiyo. Kata kishada kizima, kilaze kama kilivyo.

Vifaa vya kuwa karibu ni vichache: mkasi mdogo wenye ncha butu, kitambaa kikavu laini, kalamu ya wino mzito na utepe wa karatasi wa kuandikia. Andika aina ya nyanya na tarehe, basi. Mizani ni anasa, ingawa nakiri hupendeza kujua mche upi unalipa nafasi yake. Na kabla ya kulala meza iwe tupu. Chombo kilichobaki mezani usiku kucha asubuhi kinakuwa chanzo cha rundo jipya, na baada ya siku tatu umerudi kwenye sinki.

Shangazi, mikono yangu inakuwa ya kijani, kisha nyeusi, na sabuni haitoi. Nikitumia sabuni ndiyo kwanza povu linatoka la njano! Ni sumu?
*Mikono Michafu*

Si sumu. Shina na majani ya nyanya yana vinyweleo, na baadhi vina vitezi vidogo nchani vinavyotoa utomvu unaonata. Ndio huo. Unagandamana mkononi, unakauka, unakuwa mweusi.

Sabuni peke yake inahangaika bure. Utomvu huu unayeyuka kwenye tindikali, kwa hiyo tangulia na siki au ndimu, sugua kwanza mikono ikiwa mikavu, kisha ndipo sabuni na maji. Kama huna siki karibu, chukua nyanya moja kwenye chombo cha zilizopasuka, iminye viganjani na usugue. Tindikali yake inatosha. Weka na taulo la rangi nzito kando ya meza, maana jeupe halitarudi kuwa jeupe.

Mimi na mume wangu hatuelewani. Yeye anataka nyanya zioshwe papo hapo zikitoka bustanini, meza ya kazi iwe karibu na bomba, ziingie ndani zikiwa safi. Mimi nasema maji yanaziozesha. Tafadhali amua, na ukiniunga mkono andika kwa herufi kubwa.
*Mke Mwenye Haki*

Herufi kubwa sitoi, lakini haki unayo, na mumeo naye ana kipande chake.

Nyanya ioshwe karibu na kutumiwa, si karibu na kuchumwa. Ikikaa na unyevu, ukungu unapata njia, hasa kwenye kovu la kikonyo na kwenye nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Liko na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Nyanya iliyotoka juani ina joto ndani. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake inajikunja, na maji yanavutwa kuingia kupitia lile kovu pamoja na vijidudu vyote vilivyomo majini. Ngozi inang'aa kwa usafi huku uchafu umehamia ndani, ambako hakuna mkono utakaoufikia. Ndiyo sababu penye mabeseni makubwa ya kuoshea nyanya maji hutakiwa yawe na joto kuliko nyanya, kama nyuzi 5 za Selsiasi zaidi.

Basi mezani tumia kitambaa kikavu. Vumbi linafutika. Tope ni suala jingine, na hapa ndipo mumeo anapopata pointi: nyanya iliyogusa udongo na kubeba tope isilazwe pamoja na safi. Ioshe peke yake, kwa maji ya uvuguvugu yanayotiririka, usiiloweke, ikauke kabisa juu ya kitambaa, halafu iingie kwenye ya kupikwa leo. Bomba likiwa hatua chache kutoka mezani ni zuri kwa mikono yenu. Kwa nyanya si lazima. Na dawa ya tope haiko mezani hata kidogo: weka matandazo ya nyasi kavu chini ya miche, mvua isirushe udongo juu.

Ah, na msichume zikiwa na umande. Ngojeni majani yakauke, lakini msingoje hadi jua kali. Kuna muda wa kama saa moja au mbili hivi asubuhi ambapo yote mawili yanakubaliana.

Dada yangu anachuma nyanya zikiwa na wekundu kidogo tu kitakoni, anazijaza kwenye trei chumbani kwake. Mimi naziacha mpaka ziwe nyekundu kabisa mcheni, maana ndiyo nyanya ya kweli. Yeye anasema napoteza nusu kwa ndege na kupasuka. Tunatumia bustani moja na meza moja, na trei zake zimeanza kula nafasi yangu. Nani sahihi, na meza tuigawe vipi?
*Wa Nyekundu Tu*

Dada yako.

Najua umekuja kutafuta jibu jingine, kwa hiyo nieleze vizuri. Nyanya ikishapevuka, yaani mbegu zimekomaa na ndani pamejaa ule uji unaoteleza, inaanza kutengeneza hewa iitwayo etilini, na hiyo ndiyo inayoiamuru kuiva. Rangi ya kwanza ya waridi au njano kitakoni ni tangazo kwamba amri imeshatoka. Karibu na wakati huo huo mlango kati ya mche na tunda unaanza kufungwa: kunajengeka tabaka la seli pale kikonyoni, na kinachoingia kutoka kwenye mche kinapungua sana. Kuanzia hapo rangi, harufu na ulaini vinatokana zaidi na kazi inayofanyika ndani ya tunda lenyewe, na kazi hiyo inaweza kufanyika bustanini au chumbani kwa dada yako.

Tofauti ni kwamba chumbani hakuna ndege, hakuna mvua kubwa ya ghafla baada ya ukame, ambayo ndiyo hupasua nyanya zilizoiva, na hakuna jua la saa nane. Kama sehemu mliyopanda ni ya joto kali, zinazoiva ndani hupata hata rangi nzuri kuliko zako. Joto linalozifaa ni kati ya nyuzi 18 na 24. Mwanga hazihitaji, hivyo kuzipanga kwenye kizingiti cha dirisha lenye jua ni kuzipika, si kuziivisha.

Nikuachie ushindi mmoja. Zile ndogo za vishada mimi nazingoja mcheni mpaka zikolee, kwa sababu ulimi wangu unasikia tofauti, na hata ndege akichukua chache hasara si kubwa. Kwa zile kubwa, hapana. Na za kijani kabisa nyinyi wawili msizichume isipokuwa mche unakufa au baridi kali inakuja. Hapo ujue kuzitambua zilizopevuka: kata moja kwa kisu. Mbegu zikiteleza pembeni na kisu kisizikate, zile za ukubwa na mng'ao kama huo zitaiva. Zikikatika, hizo ni changa, zipelekeni jikoni zikiwa za kijani.

Sasa meza. Trei za dada yako hazipaswi kukaa mezani hata kidogo. Meza ni ya kuamulia, nyanya zinazosubiri zinahitaji rafu: mbao tatu nne ukutani, nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine, mahali pakavu penye hewa na pasipo jua. Kila trei iandikwe tarehe kwa mbele ili msizivute zote mkitafuta moja. Kila siku mtu mmoja azipitie kwa macho na pua, aondoe iliyoanza kuoza kabla haijaambukiza trei nzima, na zilizoiva zishuke. Mkitaka kuharakisha chache, zifungieni kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwani nayo hutoa etilini. Msitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, utatoa jasho.

Na friji iacheni. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa chini ya nyuzi 12 hivi, uivaji unaharibika, ikitoka inakuwa na madoa, haikolei, haina harufu. Zilizoiva kabisa na zimewashinda kula zinaweza kuingia siku chache, mradi mzitoe zirudi joto la chumba kabla ya kuliwa.

Inzi wadogo wamejaa kwenye sehemu yangu ya kazi. Nimeweka mtego wa siki lakini hawaishi.
*Nimechoka*

Mtego unakamata wazazi, watoto wako ndani ya nyanya. Inzi hawa hutaga kwenye ufa wa tunda, na penye joto kizazi kipya kinaruka baada ya wiki moja au siku kumi. Kwa hiyo hakuna nyanya iliyopasuka inayolala mezani: ipikwe leo, au igandishwe leo, au itupwe leo. Ndoo ya taka iwe na mfuniko unaobana na imwagwe kila jioni, na taulo la kuchambulia lifuliwe, maana nalo limelowa maji ya nyanya. Mtego endelea nao, siki na tone la sabuni ya maji ili wasielee juu. Baada ya siku kumi hivi utaona wamepungua.

Shikamoo Shangazi. Baadhi ya miche yangu ina madoa ya kahawia kwenye majani na nyanya zenye mabaka magumu ya kahawia mabegani. Nyingine zina weusi kitakoni. Je, nizichambulie meza moja na nzima? Na fundi anayenisaidia kuchuma anavuta sigara, nimesikia ni mbaya kwa nyanya, au ni uzushi?
*Mwenye Wasiwasi*

Marahaba. Tenganisha mambo mawili hayo, kwa sababu moja linaambukiza na jingine haliambukizi.

Weusi kitakoni, mkavu, uliobonyea, ni kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza. Madini ya kalisi hayakufika mwisho wa tunda, mara nyingi kwa sababu umwagiliaji ni wa leo mafuriko kesho ukame. Zinaweza kukaa meza moja na nzima. Kata sehemu ile, iliyobaki ikiwa ngumu na safi ipike.

Mabaka ya kahawia yenye ngozi ngumu, pamoja na majani yanayokauka kwa kasi wakati wa ubaridi na unyevu, hayo yanafanana na bakajani chelewa, na huyo si mgeni wa kukaribisha mezani. Miche hiyo ichumwe mwisho, baada ya mizima yote, kwa kreti yake. Usipeleke matunda hayo kwenye rafu ya kusubiri, yataoza na kuozesha jirani zake. Yenye mabaka, pamoja na majani, yasiingie kwenye mboji ya nyumbani, ambayo aghalabu haipati joto la kutosha. Yafukie mbali na bustani au yatoe kabisa. Kreti na meza zioshwe kwa sabuni na zianikwe juani zikauke.

Kuhusu sigara, si uzushi. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na virusi vya mozaiki vya tumbaku vinaweza kubaki hai kwenye tumbaku iliyokaushwa na kuhamia kwenye mche kupitia vidole. Fundi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Kwa mkasi ipo mbinu ya wazalishaji wa miche: maziwa ya unga yasiyo na mafuta, sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji, unachovya mkasi kila unapohama kutoka mche mmoja kwenda mwingine. Protini ya maziwa inavizima virusi hivyo, wala mkasi haupati kutu kama unavyopata kwenye dawa ya kung'arishia nguo. Weka kikombe chake pembeni ya kreti, si mezani.

Mimi meza ninayo na rafu ninayo. Shida ni hizo za "kupikwa leo": zinanijia nikiwa nimechoka. Naweza kupikia hapo hapo barazani? Na nikitaka kuzihifadhi kwenye chupa, nianze vipi?
*Kazi Usiku*

Kupikia barazani sawa, ila si juu ya meza ile ile. Meza ya kuchambua ni kavu. Mvuke na maji ya kumenyea vikiingia hapo, kesho unachambua juu ya unyevu. Tafuta meza ya pili hata ndogo, upande wa kulia mwisho, chombo cha kupikwa leo kikae juu yake moja kwa moja.

Kumenya ni sekunde 30 hadi 60 kwenye maji yanayochemka, kisha maji baridi, ngozi inavuka yenyewe. Sufuria isiwe ya alumini tupu kama unapika muda mrefu: tindikali ya nyanya inaila, na mchuzi unapata ladha ya chuma. Tumia chuma cha pua.

Kwa aliyechoka, lakini, ushauri wangu ni kugandisha. Zioshe, zikaushe, kata palipoharibika, zitandaze kwenye trei ndani ya friza zikiwa na ngozi zake, zikishaganda zimwage kwenye mfuko. Siku ya kupika unaipitisha kila moja chini ya bomba na ngozi inateleza mkononi. Hukumenya, hukuchemsha, umelala mapema.

Chupa zina masharti, na hapa siwi mpole. Tindikali ya nyanya hupungua na kupanda kulingana na aina na uivaji, na nyingine huvuka kipimo cha pH 4.6 (pH ikipanda, tindikali imepungua), ambapo kijidudu cha sumu hatari kabisa ya vyakula kinaweza kuamka ndani ya chupa iliyofungwa. Kila chupa ya lita moja itiwe vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau yale ya chupa ya kiwandani, yenye ukali unaojulikana, kisha chupa zenyewe zichemshwe kwa muda unaotajwa na mwongozo uliopimwa kwa ukubwa wa chupa hizo. Zilizooza kitako na za miche iliyokufa kwa ugonjwa zisiingie kwenye chupa hata kama umezikata vizuri.

Mgongo, Shangazi. Mgongo!
*Mrefu*

Meza yako ni fupi. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka kiwiko hadi sakafuni, utoe sentimita kama 10 hivi. Huo ndio urefu wa uso wa meza kwa kazi nyepesi ya mikono. Inue kwa matofali chini ya miguu yake, uhakikishe haitikisiki. Kreti ya kushoto nayo iwe usawa wa nyonga, kamwe isikae sakafuni, maana kuinama kwa kila nyanya ndiko kunakokumaliza, si kusimama. Tandika mkeka mnene chini ya nyayo.

Umetaja bakuli la mbegu mara nyingi bila kulieleza. Nifanye nini nalo?
*Mdadisi*

Mara nyingi ni uongo, nimelitaja mara moja, lakini swali ni zuri. Chagua nyanya iliyoiva kupita kiasi cha kula, kutoka kwenye mche wenye afya, na isiwe chotara, kwa sababu mbegu ya chotara haitazaa iliyofanana na mama yake. Kamua uji na mbegu kwenye bakuli, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, acha siku 2 au 3 sehemu ya kivuli. Itachacha na kunuka, ndiyo maana bakuli hili lisikae karibu na meza ya kupikia. Uchachukaji unavua ule utando unaozuia mbegu kuota. Koroga, mbegu nzuri zitazama, mwaga vinavyoelea, osha kwenye chujio, tandaza juu ya sahani, si juu ya karatasi laini ambayo zitaganda nayo. Zikauke kivulini mpaka zisigandane kabisa ndipo uziweke kwenye bahasha. Na jina la aina libandike kwenye bakuli lenyewe, usiliandike kwenye kifuniko, vifuniko huhamahama.